Vumbi la Owino Uhuru: Ushahidi Ulioanzia kwa Wakazi

Betri ya gari inapokwisha nguvu haitupwi jalalani. Fundi huiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, mnunuzi huikusanya pamoja na nyingine na kuipeleka kiwandani, na huko hupasuliwa, tindikali hutolewa, na vibamba vya risasi vilivyomo huyeyushwa ili kuunda betri mpya. Kwa mtazamo wa haraka huo ni mfano mwema wa uendelevu, kwa kuwa mali haipotei, ardhi haichimbwi zaidi, na taka inageuka kuwa malighafi. Mahitaji nayo ni makubwa, maana betri za aina hii ndizo zinazowasha magari na bajaji, na ndizo zinazohifadhi umeme wa jua katika nyumba nyingi zisizofikiwa na gridi. Sehemu kubwa ya risasi yote inayotumika duniani leo huishia ndani ya betri.

Hata hivyo, katika daftari la uendelevu ipo safu moja ambayo mara nyingi huachwa wazi, nayo ni ile ya watu wanaoishi upande wa pili wa ukuta wa kiwanda. Kisa cha Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini katika eneo la Mikindani, Mombasa, kinaonesha yatokeayo safu hiyo isipojazwa. Kinaonesha pia namna wakazi, watafiti wa afya na mahakama walivyoijaza hatimaye, ingawa kwa kuchelewa na kwa gharama ya afya za watoto.

Kiwanda na mtaa

Owino Uhuru ni makazi yasiyo rasmi yenye watu wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi kikipakana na mtaa huo, kiasi kwamba ukuta pekee ndio uliotenganisha tanuri na nyumba za watu. Kwa wengi kiwanda kilikuja kwanza kama habari ya ajira. Baadhi ya wakazi walipata vibarua humo, wakarejea nyumbani jioni na nguo zilizojaa vumbi la kazi, na nguo hizo zikafuliwa katika beseni lile lile la nguo za watoto.

Haukupita muda mrefu kabla ya watu kuanza kusimuliana mambo. Moshi ulikereketa koo na kuwasha macho. Maji machafu yalitoka kiwandani yakapita kati ya nyumba. Mabati ya mapaa yaliliwa na kutu kabla ya wakati wake. Kuku walikufa. Wanawake walizungumza kuhusu mimba zilizoharibika, na wazazi kuhusu watoto ambao matumbo yao hayakutulia. Kila jambo likitazamwa peke yake lingeweza kupewa sababu nyingine. Yakiwekwa pamoja, yalikuwa orodha ambayo mtaalamu wa sumu angeitambua mara moja. Lakini orodha hiyo ilikuwa vinywani mwa watu wa mtaa usio rasmi, watu ambao hawakuwa na nafasi pale leseni zilipotolewa, na ambao maneno yao yalichukuliwa kuwa malalamiko tu.

Hapa ndipo utawala wa mazingira unapokutana na suala la ujumuishaji wa jamii. Kenya ilikuwa na sheria ya usimamizi na uratibu wa mazingira tangu mwaka 1999, ambayo iliagiza miradi ya aina hiyo ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Katiba ya mwaka 2010 ikaongeza, katika Ibara ya 42, haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na katika Ibara ya 69 wajibu wa dola wa kuhimiza ushiriki wa umma katika kulinda mazingira hayo. Maandishi hayakukosekana. Kilichokosekana ni mkazi kuulizwa aonavyo, na jibu lake kuingizwa katika kumbukumbu.

Mtoto aliyetibiwa malaria

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari kwa mazingira. Tathmini ilionesha kwamba kiwanda kilikuwa karibu mno na makazi, naye akashauri hivyo. Ushauri haukufuatwa, na kazi hiyo akaondolewa mikononi mwake. Kipindi hicho hicho mtoto wake mchanga akaugua. Alitibiwa malaria na homa ya matumbo bila kupata nafuu, mpaka kipimo cha damu kilipoonesha kuwa alikuwa na risasi mwilini. Sumu hiyo ilihusishwa na kazi ya mama yake na maziwa aliyomnyonyesha.

Mama huyo hakuishia kwenye tiba ya mwanawe. Alitaka kujua kama watoto wa mtaani nao walikuwa na hali hiyo. Watoto watatu wa Owino Uhuru wakapimwa, na wote watatu wakakutwa na risasi katika damu. Watatu ni idadi ndogo mno kwa takwimu, lakini ilitosha kuzaa swali ambalo halikuweza tena kufunikwa. Omido aliacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea haki ya mazingira lijulikanalo kwa kifupi kama CJGEA, na pamoja na wakazi akaanza kuandika barua, kukusanya vipimo na kuandamana. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wakazi wengine na kushtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikawaachia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2023 Tuzo ya Right Livelihood.

Kwa mhudumu wa afya, sehemu nzito ya masimulizi hayo ni ile ya malaria na homa ya matumbo. Tabibu wa Pwani anayeletewa mtoto mwenye homa hufikiria malaria, na mara nyingi huwa amepatia. Sumu ya risasi haina dalili ya peke yake. Huja na maumivu ya tumbo, kufunga choo, kutapika, upungufu wa damu, uchovu, hasira zisizo na sababu na kuchelewa kwa ukuaji, na inapozidi huleta degedege na kupoteza fahamu. Dalili hizo zote zina magonjwa mengine ya kawaida yanayozieleza. Asiyeuliza mgonjwa anaishi wapi na wazazi wake wanafanya kazi gani anaweza kuona watoto kumi wa mtaa mmoja, akawaandikia dawa kumi tofauti, asitambue kamwe kwamba ugonjwa wao ni mmoja.

Risasi inavyofanya kazi mwilini

Risasi haina kazi yoyote yenye manufaa katika mwili wa binadamu. Huingia kwa kuvuta hewa yenye moshi au vumbi, na kwa kumeza kilichoshikamana na mikono, chakula, maji au udongo. Mtoto mdogo yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mwenendo wake, maana hutambaa, hucheza chini na kutia vidole kinywani. Ya pili ni utumbo wake, ambao hufyonza risasi iliyomezwa kwa kiwango kinachoweza kufikia mara nne hadi tano ya kile cha mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi hufyonza zaidi, na kwa hiyo njaa na sumu husaidiana katika mwili mmoja.

Ikiingia katika damu, risasi huvuruga utengenezaji wa chembechembe nyekundu, hudhuru figo, hupandisha shinikizo la damu kwa watu wazima, na hufika kwenye ubongo unaokua. Madhara yake katika uwezo wa kujifunza, umakini na tabia yanaweza kutokea bila dalili yoyote ya nje, na hayarudishwi nyuma kwa dawa. Kiasi kikubwa huhifadhiwa katika mifupa na meno, ambako hukaa kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeathirika utotoni anaweza kuibeba hadi siku atakapopata mimba, na hapo mifupa inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, risasi nayo hutoka pamoja nayo. Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kutoka lalamiko hadi takwimu

Kiwanda kilipofungwa, hoja mbili zilibaki. Wapo waliosema kwamba hatari ilikuwa imeondoka pamoja na moshi. Wapo pia waliosema kwamba umaskini wa mtaa wenyewe ulitosha kueleza afya mbaya ya watoto wake. Hoja hizo zilihitaji kujibiwa kwa vipimo, na jibu lilipatikana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018.

Watafiti walichagua kaya kwa bahati nasibu katika mitaa miwili ya Mombasa iliyo jirani. Wa kwanza ulikuwa Owino Uhuru. Wa pili uliitwa Bangladesh, nao ni makazi ya watu wa kipato cha chini usiopakana na kiwanda hicho. Watoto 130 wa umri wa miezi 12 hadi 59 walishirikishwa, 65 kutoka kila mtaa. Wazazi walijibu maswali, watoto walitolewa damu, na sampuli za mazingira zilichukuliwa katika nusu ya kaya hizo.

Matokeo yalikuwa wazi. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita moja, na wa watoto wa Bangladesh 3.7. Watoto 45 kati ya 65 wa Owino Uhuru, yaani asilimia 69, walizidi mikrogramu 5, wakati huko Bangladesh walikuwa 18 kati ya 65, sawa na asilimia 28. Aliyekuwa juu kuliko wote alifikia mikrogramu 31. Katika udongo tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa wastani wa Owino Uhuru ulikuwa miligramu 146.5 za risasi kwa kilo moja ya udongo, na wa Bangladesh miligramu 11.5. Watoto walioishi chini ya mita 200 kutoka kiwandani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvuka mikrogramu 5 kuliko walioishi mbali zaidi. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, hivyo ukubwa wa hatari hiyo haukuweza kukadiriwa kwa usahihi mwembamba, lakini mwelekeo wake haukuwa na utata.

Uamuzi wa kulinganisha mitaa miwili ndio uliompa kila mmoja jibu lake. Kama umaskini peke yake ungekuwa chanzo, watoto wa mitaa yote miwili wangefanana. Kama hatari ingekuwa imeondoka na moshi, udongo usingeonesha ulichoonesha. Tena utafiti huo ulifunua jambo ambalo hakuna aliyelitafuta, kwamba hata katika mtaa usiopakana na tanuri zaidi ya robo ya watoto walikuwa wamevuka mikrogramu 5. Risasi ina njia nyingine za kuwafikia watoto wa mijini, zikiwemo rangi za kuta, vyombo vya kupikia vilivyosubuliwa kwa metali chakavu, na kazi za mafundi zinazofanyiwa uani.

Yafaa kuangalia mpangilio wa mambo hayo. Wakazi ndio waliotangulia kuona, wakafuata watoto watatu waliopimwa, na mwisho watoto 130. Utafiti shirikishi hauna maana kwamba mkazi anachukua nafasi ya maabara. Maana yake ni kwamba uoni wa mkazi unaamua maabara ipime nini, wapi na kwa nani, na kwamba majibu ya maabara yanarudi kwake akiwa mwenye haki ya kuyajua.

Mbele ya mahakama

Mwaka 2016 wakazi kumi walifungua shauri kwa niaba ya wenzao katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa. Katiba ya Kenya iliwapa msingi imara, maana Ibara ya 70 inamruhusu mtu kudai haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba mtu yeyote amepata hasara au madhara. Hata hivyo madhara yalikuwepo, nayo yalielezwa kwa vipimo vya damu, vya udongo na kwa ushahidi wa wakazi wenyewe.

Tarehe 16 Julai 2020 mahakama iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na ikaagiza mazingira ya mtaa yasafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kufanyia kazi hiyo. Wajibu wa kulipa uligawanywa kati ya wenye biashara na taasisi za umma, na mamlaka ya taifa ya mazingira ikabebeshwa asilimia 40. Uzito wa mgawanyo huo uko katika ujumbe wake, kwamba anayetoa leseni na kushindwa kusimamia masharti yake hawezi kusimama pembeni kama mtazamaji.

Safari haikuishia hapo. Mamlaka hiyo ilikata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo ya fidia. Wakazi walikwenda Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza kazi alikuwa ametimiza miaka 17 siku hiyo. Fedha zinaweza kulipia matibabu, elimu maalumu na kuhama, lakini haziwezi kuurudia ubongo uliokwisha kukua ukiwa na sumu. Hiyo ndiyo sababu ya kusema kwamba haki ya mazingira inayokuja baada ya ugonjwa ni haki nusu, na kwamba nusu ya kwanza ni kinga.

Jambo lisilo la Mombasa peke yake

Owino Uhuru si kisiwa. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mapema 2008, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer nje ya Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki kwa kile kilichokuja kugundulika kuwa sumu ya risasi, baada ya betri kupasuliwa mtaani na udongo wake kuchekechwa na wakazi wakitafuta mabaki ya kuuza. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018 ulichukua sampuli 118 za udongo nje ya viwanda 16 vya kuchakata au kutengeneza betri katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Asilimia 81 ya sampuli zilizidi miligramu 80 za risasi kwa kilo, na sampuli iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikuwa na risasi sawa na asilimia 14 ya uzito wake.

Viwanda hivyo vilikuwa na vibali. Nje yake wapo mafundi wadogo wanaopasua betri chini ya miti, na wavuvi wanaoyeyusha risasi kwa moto wa mkaa ili kutengeneza chubwi za mishipi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327 za Selisiasi tu, joto ambalo jiko la nyumbani hulifikia bila taabu. Watu hao hawafanyi hivyo kwa kupenda hatari. Wanatafuta riziki, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwaeleza hatari hiyo kwa lugha yao na kwa heshima. Kuwafukuza bila kuwapa njia mbadala huihamishia sumu uani mwa nyumba nyingine.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inaweka usimamizi wa mazingira hadi katika ngazi za chini za serikali za mitaa. Maana yake ni kwamba mkutano wa mtaa na ofisi ya mtendaji ni mahali halali pa kuanzia hoja ya aina hii, na mhudumu wa afya anayehudhuria mkutano huo hajatoka nje ya kazi yake.

Kinachowezekana zahanatini

Silaha ya kwanza ya mhudumu wa afya haihitaji umeme wala kemikali. Ni maswali manne yanayoweza kuongezwa katika historia ya mgonjwa. Anaishi wapi, na nini kipo jirani? Yeye na watu wa nyumbani kwake wanafanya kazi gani? Je, betri, rangi au metali hushughulikiwa nyumbani au uani? Je, wapo wengine nyumbani au kwa majirani wenye dalili kama zake? Majibu yakiandikwa kwenye jalada na yakipitiwa pamoja kila mwezi, huweza kuonesha mtaa ambao wagonjwa wake wanafanana.

Palipo na shaka, kipimo cha kuaminika ni cha damu. Sampuli ya kutoka kwenye mshipa ndiyo ya uhakika, kwa kuwa ya kidoleni huweza kuchafuliwa na vumbi lililo juu ya ngozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba kwa mtu yeyote mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe ili kukipunguza au kukiondoa. Kwa mtoto mwenye kiwango hicho ambaye ana upungufu wa chuma au kalisi, au anaelekea kuwa nao, lishe ya nyongeza inapendekezwa. Dawa zinazonasa risasi na kuitoa kwa mkojo zinapendekezwa kwa mtoto aliyefikia mikrogramu 45 au zaidi, na hutolewa chini ya uangalizi wa hospitali. Mtoto akirudishwa kwenye vumbi lile lile baada ya dawa, damu yake itapanda tena. Kumtenga na chanzo ndiyo tiba ya kwanza, na tiba hiyo haipatikani duka la dawa.

Wagonjwa na wazazi nao wana ya kufanya. Anayefanya kazi ya betri, rangi au metali aoge na kubadili nguo kabla ya kubeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki kwa maji badala ya kufagiliwa ikiwa kavu, kwa sababu ufagio huinua vumbi. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na wasichezee mahali palipowahi kupasuliwa betri. Chakula chenye chuma na kalisi, kama dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, hupunguza ufyonzaji wa risasi, ingawa hakiwezi kumkinga mtoto anayeendelea kuivuta. Mama anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu. Aende apimwe, na uamuzi ufanywe pamoja na mtaalamu kulingana na kiwango kilichomo katika damu yake.

Utafiti unaorudi kwa wenyewe

Jamii nyingi za Afrika Mashariki zimewahi kuwaona watafiti wakija na fomu, wakichukua damu na kuondoka, majibu yasirudi kamwe. Hali hiyo huzaa shaka, na shaka huzaa ukimya, hata siku ambayo kuna jambo zito la kusema. Utafiti shirikishi una masharti yanayoweza kukaguliwa. Swali lizungumzwe na wakazi kabla ya fomu kuchapwa. Ridhaa iombwe kwa lugha ya mwenye kuombwa, naye ajue kwamba kukataa hakutamnyima huduma. Wanawake wapewe nafasi yao ya kuzungumza, kwa sababu wao ndio wanaofua nguo za kazi, kubeba mimba na kukaa na mtoto mgonjwa usiku. Mtu mwenye ulemavu, mpangaji na mgeni asiye na kitambulisho wasiachwe nje ya orodha kwa kuwa tu kuwapata ni kazi.

Majibu ya mtu binafsi apewe yeye mwenyewe kwa faragha, pamoja na maelezo ya hatua inayofuata, na majibu ya mtaa mzima yapelekwe kwenye mkutano wa mtaa yakiwa na lugha inayoeleweka. Siri za wagonjwa zilindwe hata pale mambo yanapofika mahakamani. Shauri la Owino Uhuru lenyewe limeandikwa katika kumbukumbu za sheria kwa herufi za mwanzo za jina la mdai, na si kwa jina lake kamili.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote yanachelewesha sayansi. Historia ya Owino Uhuru inajibu kwa tarehe zake. Wakazi waliona mapaa yakiliwa na kuku wakifa miaka mingi kabla ya takwimu kuchapishwa. Muda uliopotea haukupotezwa na kuwasikiliza watu. Ulipotea wakati ambapo hakuna aliyewasikiliza, na mtoto aliyekuwa akitambaa mwaka wa kwanza alikwisha kuanza shule kabla ya tanuri kuzimwa.

Betri zitaendelea kuchakatwa, na inafaa zichakatwe, kwa kuwa kuzitupa ni hatari zaidi. Zipo njia za kufanya kazi hiyo ndani ya mitambo iliyofungwa, yenye vichujio vya moshi, vifaa vya kinga, upimaji wa damu za wafanyakazi na umbali wa kutosha kutoka kwenye makazi. Gharama ya mambo hayo inajulikana na inaweza kuandikwa katika bei ya betri. Isipoandikwa huko, haitoweki. Huandikwa kwenye damu ya mtoto wa jirani, na anayekuja kuisoma kwanza ni mhudumu wa zahanati, akikumbuka kuuliza mtoto huyo anatoka mtaa gani.